Kiti cha Nyuma

Oktoba 20

Leo wamewasha mabomba ya kupasha nyumba joto mji mzima. Baba ameweka kiganja juu ya bomba la sebuleni, akasema, "Haya, baridi na ije sasa," kama anavyosema kila mwaka. Kisha akaketi chini ya dirisha na kusinzia kabla chai yake haijapoa.

Asubuhi daktari alituita mimi na Kaka Peilin chumbani kwake, akafunga mlango. Saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini. Kupasua hakufai. Kabla sijafungua mdomo, Kaka akasema, "Baba haambiwi." Daktari akaitikia kwa kichwa. Hapa Harbin ndivyo wote wanavyofanya, na mimi nikafunga vifungo vya koti langu.

Tulipotoka, Baba alikuwa kwenye benchi na kofia yake mapajani.

"Wamesema nini hao?"

"Vidonda vya tumbo," Kaka akajibu. "Vya pombe."

"Nilijua tu. Basi pombe niache?"

"Uache."

"Yote?"

"Yote, Mzee."

Akanigeukia mimi. Akitaka uhakika wa jambo, siku zote hunigeukia mimi. Nina miaka arobaini na mitano, nimeolewa na kuachika, lakini bado ananiita kitinda, kwa kuwa ndimi wa mwisho kuzaliwa. "Kitinda, vidonda tu?"

"Vidonda tu, Baba."

Ndiyo maana nimeanza kuandika usiku huu. Lazima pawepo mahali ninaposema kweli.

Oktoba 21

Uji, nusu bakuli. Nimemwambia vidonda vinapona.

Oktoba 25

Kazini ugomvi ni uleule. Kampuni yetu ni ya ubia, nusu ya Wachina na nusu ya Wazungu. Wao wanaleta gari lililobuniwa kwao Ulaya, sisi tunalifanya liuzike huku. Kwao mwenye gari huendesha mwenyewe. Huku mwenye gari, au mama yake, au bosi wake, hukaa nyuma. Kwa hiyo tunalirefusha tumbo, tunalainisha springi, tunaondoa ile harufu ya upya ambayo wao wanaiona tamu na wateja wetu inawaumiza kichwa. Tena tunaweka kitufe pale nyuma: ukikibonyeza, kiti cha mbele kinasogea kupisha miguu yako. Viti vya nyuma ni idara yangu.

Bwana Anselm, mhandisi mkuu aliyetumwa na makao makuu, sisi humwita Mzee An. Leo amebonyeza hicho kitufe mara tatu, akatazama kiti cha mbele kikikimbilia dashibodi.

"Na aliyekaa pale mbele je?"

"Huyo ni karani," akasema Chunji, msaidizi wangu. "Karani hana magoti."

Watu wakacheka, Mzee An hakucheka. "Hili lilikuwa gari. Mmeligeuza kitanda."

"Kitanda kinanunuliwa," Chunji akamjibu.

Simpendi huyu mzee. Anatutazama kana kwamba tunamkata yeye, si gari lake.

Oktoba 29

Baba amesema anataka kwenda Hegang kwa dada yake, Shangazi Shuzhen. Nilishangaa. Shangazi ndiye aliyemlea walipofiwa na wazazi, lakini tangu msiba wa Mama, miaka kumi na mitano sasa, hawatembeleani na hata simu hawapigiani. Sijawahi kuambiwa sababu.

"Kwenda kufanya nini kwenye baridi hii?" Kaka akamuuliza. "Upone kwanza. Theluji ikiyeyuka tutakwenda."

"Nina neno naye."

"Mpigie simu."

"Hasikii vizuri. Na neno lenyewe si la simu."

"Basi Aprili. Gari jipya la idara ya Peiru huyu litakuwa limetoka, utakwenda umejinyoosha nyuma kama mkurugenzi."

Baba akacheka. Amekuwa dereva wa wakurugenzi wa kiwanda maisha yake yote, tangu enzi za malori ya serikali mpaka ubia ulipokuja. Hajapata kujinyoosha nyuma ya gari lolote. "Aprili basi," akasema, akanitazama mimi.

"Aprili," nikasema.

Bado anapanda ngazi mwenyewe. Anaweza kusafiri.

Novemba 4

Theluji ya kwanza. Imeyeyuka kufikia mchana.

Novemba 9

Tumeita wazee waje kujaribu kuingia na kutoka kwenye gari la mfano, na nikamleta Baba. Amevaa suti yake na glavu nyeupe za udereva. Nilimfungulia mlango wa nyuma. Akaupita, akazunguka, akakaa kwenye usukani na kuanza kurekebisha kioo.

"Mzee Luan," Chunji akamwambia, "leo wewe ndiye bosi. Nyuma, tafadhali."

"Nani atamwendesha bosi?"

"Gari halina hata injini, Mzee!"

"Ndiyo maana linahitaji dereva mzuri."

Hata Mzee An alicheka, sijawahi kuona meno yake kabla ya leo. Mwishowe Baba akakaa nyuma. Nikakiegemeza kiti, nikainua pumziko la miguu, nikabonyeza kitufe, na kiti cha mbele kikaenda zake. Nilimuuliza magoti yake yanasemaje.

"Magoti yanafurahi." Akanyoosha shingo mbele. "Ila ukikaa hapa huioni barabara."

Amekonda. Suti ile imekuwa kama ya kaka yake mkubwa.

Novemba 16

Mkurugenzi Geng ameniita baada ya chakula, akaniambia nifunge mlango. Siku hizi milango inayofungwa siipendi.

Gari letu limefutwa. Watu hawanunui tena gari la petroli, hata liwe refu namna gani. Wananunua ya umeme ya kampuni za hapa, yenye skrini pana na friji ndogo na viti vinavyokanda mgongo. Makao makuu yameamua kuchukua fremu ya gari la umeme la mbia wetu wa Kichina na kubandika nembo yao juu. Kazi ya kurefusha na kulainisha, kazi ya idara yangu, haitakuwepo.

"Watu wataambiwa baada ya Mwaka Mpya," akasema. "Wakijua sasa, wazuri wote watakimbia na kazi zilizobaki zitalala. Wewe ni mtu mzima, Peiru. Nakuamini."

"Mzee An anajua?"

"Anajua tangu Septemba."

Kumbe. Miezi yote hii anabishana nasi juu ya springi za gari ambalo anajua limeshakufa. Nilipotoka nilimwona chini kwenye karakana, amepiga magoti, anapima pengo la mlango. Sikuweza kumchukia tena kama jana.

Novemba 17

Uji, robo bakuli. Vidonda vinapona, Baba.

Novemba 24

Chunji amenifuata kwenye chumba cha chai. Kampuni moja ya magari ya umeme kule Hefei inamtaka. Mumewe yuko tayari kuhama.

"Niambie kweli, Dada Luan. Gari letu lina maisha?"

Nilikuwa na birika mkononi. "Lina maisha," nikasema. "Baki."

"Basi nimebaki," akasema, akanipiga bega na kwenda zake. Wepesi ule! Kama mtu aliyetua mzigo. Mimi nimebaki namimina maji kwenye kikombe kilichojaa.

Desemba 3

Baridi ya kukata masikio. Baba hakutoka kitandani.

Desemba 10

Mzee An amenikuta ngazini nikilia. Nikamweleza habari ya Baba, na kwamba yeye mwenyewe hajui. Nilingoja anihubirie, kama Wazungu wengi wangefanya. Akakaa kwenye ngazi chafu na koti lake zuri.

"Mama yangu sisi tulimwambia," akasema. "Daktari alimwambia wazi, mimi nimesimama pale. Siku hiyohiyo aliacha kula. Aligeukia ukuta mpaka mwisho. Dada yangu husema tulimuua." Akakung'uta theluji kwenye viatu. "Sijui nani alikosea. Nimelifikiria miaka mingi na bado sijui."

Nilimuuliza kwa nini anaendelea kufanya kazi ya gari lililofutwa.

"Kwa sababu bado ni gari langu," akasema.

Desemba 22

Leo ni siku fupi kuliko zote, siku ya kula jiaozi, vifuko vya unga vyenye nyama ndani. Nilikanda unga, Kaka akaja na nyama na kabichi iliyochachushwa. Baba akakaa mezani, akasifu zile nyama zilivyofungwa kwenye unga, akala mbili. Ya tatu akaitapika, na kila kitu baada ya hapo.

Kaka alipokuwa jikoni akisuuza ndoo, Baba alinishika mkono. Ngozi yake ina rangi ya njano sasa, hata ndani ya macho.

"Kitinda. Kuna kitu?"

Kaka alifunga maji ili asikilize. Hata mimi nilijua kwamba mlango wa kusema kweli umefunguliwa na kwamba hautafunguliwa tena.

"Vidonda, Baba. Ni sugu tu."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Haya," akasema. Akauachia mkono wangu.

Kaka alipokuwa anaondoka nilimwambia ukumbini kwamba siwezi tena. Akanikamata kola. Kaka yangu, anayeuza mikeka ya magari na kumpa kila mteja peremende! "Ukimwambia, umemuua wewe. Umenisikia? Wewe, si ugonjwa." Kisha akaniachia, akafuta macho kwa mkono wa koti, akateremka ngazi akigonga kila reli.

Desemba 28

Amejua.

Tulimpeleka kuwekewa dripu. Kaka alikuwa amemwomba muuguzi asitaje jina la ugonjwa, na kila kitu kilikuwa kimepangwa. Lakini tulimwacha kidogo kwenye kiti cha magurudumu ili tukatafute lifti isiyojaa, na tuliporudi alikuwa anazungumza na mzee mmoja wa Acheng mwenye kofia ya sufu. Wote wawili wameshikilia chupa za dripu kama watu waliokutana sokoni.

Baba alikuwa amemuuliza yule mzee anaumwa nini. Naye akamjibu bila hila yoyote: saratani. Baba akampa pole, akasema yeye ana vidonda vya tumbo. Yule mzee akacheka. "Vidonda? Mwenzangu, wodi hii hawalazi vidonda. Hapa sote ni ndugu."

Tulifika wakati anamalizia kusema hivyo. Baba hakupiga kelele. Aliendelea kuongea na yule mzee juu ya bei ya makaa mpaka muuguzi akaja. Tulipofika nyumbani tukamlaza, akasema, "Simameni hapo."

Tukasimama kando ya kitanda kama watoto.

"Tangu lini?"

"Oktoba," nikasema.

"Nani mwingine anajua?"

Kaka akatazama soksi zake. Mkurugenzi Geng anajua. Majirani wanajua. Yule mama wa duka la mboga anajua, ndiyo sababu amekuwa akitupa vitunguu bure.

"Maisha yangu yote nimeendesha watu," Baba akasema. "Nimebeba siri zao. Nani ana mwanamke mtaa gani, nani atafukuzwa Jumatatu. Sikufungua mdomo. Lakini hata siku moja sikumpakia mtu garini bila kumwambia tunakwenda wapi. Hata walevi niliwaambia. Ninyi mmenipakia nyuma, mkafunga milango, mkanipeleka. Kila nikiuliza mnaniambia tunakwenda kununua maua."

"Baba, ni mimi," Kaka akasema. "Mimi ndiye niliyeamua. Peiru hakutaka."

"Wewe ni muuzaji. Uongo ni sehemu ya biashara yako, sikukasirikii." Akageuza kichwa kwenye mto. "Huyu nilimuuliza mara mbili."

Nilipiga magoti. Nilisema nisamehe, nilisema kila kitu. Akafumba macho.

"Oktoba nilikuwa napanda ngazi," akasema. "Ningefika Hegang."

Desemba 29

Hasemi nami. Kwa Kaka anasema, kwa muuguzi anasema. Nikiingia na uji anatazama dirisha.

Desemba 31

Hajasema.

Januari 3

Hajasema. Kazini nilimwita Chunji nje, kwenye theluji, ambako hakuna wa kutusikia. Nikamwambia: gari limefutwa, nimejua tangu kabla hujaniuliza, niliambiwa nisiseme.

Akasimama akivuta pumzi, mvuke unamtoka mdomoni. Akampigia simu mtu wa Hefei palepale mbele yangu. Nafasi ameshapewa mwingine, wiki iliyopita.

Nilisema samahani.

"Samahani yako ningeipokea Novemba," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Nitakwenda Hefei hivyohivyo, nitafute. Afadhali kutafuta huku najua." Hakuniita Dada.

Januari 6

Nilikuwa nambadilishia Baba shuka. Mgongo wake ni mifupa mitupu. Akasema, kana kwamba tulikuwa tunazungumza tangu asubuhi, "Barabara ya Hegang iko wazi?"

"Iko wazi. Wamefagia theluji mpaka Jiamusi."

"Kweli?"

"Kweli, Baba."

"Daktari amesema nini juu ya safari?"

Nilishusha shuka. "Amesema usisafiri. Amesema unaweza kufia njiani."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Ni mara ya kwanza tangu Oktoba kumpa jibu zima. "Gari la wagonjwa sipandi," akasema. "Tafuta gari."

Januari 8

Magari ya majaribio yako mawili tu, na hayaruhusiwi kutoka bila saini mbili. Mzee An ameandika kwenye kibali: jaribio la safari ndefu katika baridi, kiti cha nyuma. Akatia saini kabla sijamaliza kueleza. Mkurugenzi Geng alikisoma kibali mara mbili. Anajua pia kwamba nimemwambia Chunji, kiwanda kizima kinajua sasa. Nilifikiri atakichana.

"Mzee Luan ndiye aliyenipeleka harusini kwangu," akasema bila kuinua macho. "Alinichelewesha kwa makusudi, ili nipate muda wa kuacha kutapika." Akatia saini.

Januari 9

Tumeondoka alfajiri, mimi kwenye usukani, Kaka kando yangu. Baba tulimlaza nyuma, kiti kimelala chote, mablanketi mawili, na dawa za maumivu alizotupatia daktari baada ya kugombana naye. Ule urefu wote niliopigania, miguu yake ilienea bila kukunjwa. Nilitaka kufurahi.

Tulipovuka mto akasema, "Siioni barabara, Kitinda. Nisomee."

Nikamsomea. Daraja limepita, Baba. Kuna lori la magogo mbele, linakwenda polepole. Nalipita. Kulia mashamba ya mahindi, mabua tu yamejitokeza kwenye theluji. Sasa kuna kibao cha mji wa Bin.

"Lori lilikuwa la namba za wapi?"

"Yichun."

"Hao hawajui kufunga mzigo. Kaa mbali nao."

Aliendelea kuuliza na mimi nikaendelea kujibu. Nilijibu kila kitu nilichokiona, hata mbwa aliyekufa. Kaka alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, analia bila sauti.

Tulipopita Bin, Baba akaanza kusema mwenyewe. Nilimsikiliza nikitazama barabara.

Asubuhi ile Mama alipoanguka jikoni, gari la mkurugenzi lilikuwa limesimama mlangoni, linanguruma. Baba alikuwa ametakiwa uwanja wa ndege kuwapokea Wazungu waliokuja kutia saini ubia. Ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Akapigia simu gari la wagonjwa, akamlaza Mama kwenye mkeka, akamwita jirani, akaenda uwanja wa ndege. Gari la wagonjwa lilikawia. Wageni walifika salama. Mimi wakati ule nilikuwa nafanya kazi Tianjin. Niliambiwa tu kwamba Baba alikuwa kazini.

"Msibani Shuzhen aliniuliza, 'Gari halikuwa mlangoni?' Mbele ya watu. 'Gari lilikuwa mlangoni, mdogo wangu.' Nikamwambia lile ni gari la kiwanda, si la baba yetu. Nikamtoa nje." Alipumzika. "Alikuwa na haki. Ndilo neno lenyewe. Nataka kumwambia alikuwa na haki."

Gari lilikuwa kimya sana. Tulilitengeneza liwe kimya.

"Ningemweka kiti cha nyuma," Baba akasema. "Wageni wangengoja. Wangengoja kidogo tu."

Karibu na Fangzheng maumivu yakampata. Dawa ya kwanza haikufanya kitu, na ya pili pia. Alikuwa anauma blanketi. Kwenye kioo nilimwona amekunjamana katika nafasi ile yote, mdogo kama mtoto. Kaka akapiga kelele nisimame, kisha nisisimame, kisha nisimame.

"Hegang bado mbali?" Baba akauliza.

Ningeweza kumwambia tumekaribia. Ulimi ulikuwa tayari.

"Bado, Baba. Hatujafika hata nusu."

Akavuta pumzi. "Geuza."

"Baba..."

"Geuza, Kitinda. Abiria amesema."

Nikageuza.

Januari 10

Yuko hospitali. Kaka amempigia simu Shangazi aje kwa treni. Amesema atakuja.

Januari 11

Baba anauliza kama treni imefika. Namwambia bado.

Januari 12

Bado, Baba.

Januari 13

Baba amefariki leo, wakati wa chai ya asubuhi. Nilikuwa nimemshika mguu, si mkono, kwa sababu mikono yote ilikuwa na sindano. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumuuliza.

Januari 14

Shangazi ameingia mchana pamoja na mjukuu wake wa kike. Ana miaka themanini na mmoja, mdogo wa umbo, amebeba begi la pea zilizogandishwa kwa ajili ya mgonjwa. Alipoona kitambaa cheupe cha msiba mlangoni akasimama. Mjukuu ilibidi amshike kiuno.

Baadaye jikoni nilimuuliza yule binti mbona walikawia.

"Mjomba Peilin alisema tumbo linamsumbua kidogo tu," akasema. "Alisema tuje taratibu, Bibi asihangaike. Mimi nilikuwa na mtihani, kwa hiyo tukangoja umalizike."

Nilimtafuta Kaka. Alikuwa kwenye ngazi na kitambaa cha msiba mkononi. Aliponiona tu alijua nimeambiwa.

"Ni mzee, Peiru," akasema. "Angekufa kwenye treni."

Sikumpiga. Nilikaa karibu naye, na tukabaki hapo.

Januari 15

Leo mwili wa Baba umechomwa, kama ilivyo desturi yetu. Kaka aliweka zile glavu nyeupe ndani ya jeneza.

Januari 18

Mkurugenzi Geng ametangaza. Chunji alishaondoka tangu Jumatatu, meza yake imefutwa safi. Idara yangu inagawanywa, wengine wataingia kwenye magari ya umeme, wengine watapewa kiinua mgongo. Gari la majaribio haliuzwi wala halitolewi. Sheria ni kulipondaponda. Mzee An amekwenda kusimama nalo mpaka mwisho. Aliniuliza kama nataka kuja. Nilisema hapana. Akanipa mkono, akaushikilia, akasema jina langu vizuri kwa mara ya kwanza. Anarudi kwao wiki ijayo.

Januari 19

Siku ya saba tangu Baba afe. Jioni tumeteremka njia panda kumchomea Baba karatasi, pesa za wafu za kutumia huko aliko. Baridi imezidi, majirani wachache walikuja na kusimama huku wakikanyagakanyaga theluji. Wiki nzima nimetafuta namna ya kulitoa neno la Baba. Nyumba ilikuwa imejaa watu, na Shangazi hasikii ila ukimpigia kelele. Leo nikaona nisipolisema, atapanda treni kesho nalo litabaki kwangu.

Nikamwinamia sikioni. "Shangazi! Baba aliacha ujumbe wako!"

"Eeh?"

"Ujumbe! Alisema ulikuwa na haki!"

Majirani wakageuka. Shangazi akanitazama, moto unamwangaza uso. "Haki ya nini, mwanangu?"

"Siku ya msiba wa Mama! Ulimwambia gari lilikuwa mlangoni! Alisema ulikuwa na haki! Alitaka kuja Hegang kukuambia!"

Akafikiri. Nilimwona akitafuta, kwa bidii, macho ameukodolea moto. Kaka aliacha kuchochea.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ndiyo, Shangazi! Akakutoa nje!"

"Siku ya msiba watu husema mengi." Akatikisa kichwa. "Sikumbuki. Mimi nilidhani haji kwa sababu choo changu kiko nje. Amezoea mambo ya wakubwa, nikasema, atakuja kufanya nini kwangu. Nikaona haya kumpigia." Akanishika mkono wa koti, akanivuta nimwinamie tena. "Gari gani lilikuwa mlangoni?"

Nilifungua mdomo kumweleza. Uwanja wa ndege, wageni, saini. Watu wote walikuwa wananitazama na sauti ilikuwa imeniisha. Shangazi alingoja, sikio lake ameligeuzia kwangu. Kisha akaona sisemi, akachukua zile karatasi zilizobaki, akazilisha motoni moja moja, akimwambia Baba kwa sauti ya juu ajinunulie koti zuri, baridi isimpige huko aliko.